Mafuta ya CBD na Hukumu ya Kilichotoka Katika Bangi

Ndugu Waislamu, mafuta haya huuzwa madukani Ulaya na Marekani, na wapo ndugu zetu huko wenye wagonjwa nyumbani. Kusema "ni bangi, basi ni haramu" hakutoshi. Hukumu ya kitu hufuata kukifahamu kwanza.

Mmea wa bangi una kemikali nyingi. THC ndiyo inayolewesha. CBD, yaani kanabidioli, hailewishi. Huchukuliwa aina ya mmea yenye THC kidogo, maua yakakaushwa na kusagwa. CBD hutolewa kwa kaboni dayoksaidi iliyogandamizwa mno, au kwa kulowekwa katika ethanoli, yaani spiriti. Hupashwa moto, nta huchujwa, spiriti huvukizwa, kisha huchanganywa na mafuta ya nazi au ya ufuta. Mtumiaji hudondosha chini ya ulimi au hujipaka.

Wanazuoni waliijadili hashishi zamani. Imam al-Qarafi (aliyefariki 684 H) aliitofautisha na khamri, akaiita yenye kuharibu akili, isiyo najisi. Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 H) aliiunganisha na khamri. Lakini wote walizungumzia kinachogusa akili, na illa hiyo haimo katika CBD yenyewe.

Shaka imo ndani ya chupa. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya bidhaa 84 zilizonunuliwa kwenye intaneti: 26 tu zilikuwa na kiasi kilichoandikwa, na 18 zilikutwa na THC. Anayetafuta usingizi tu hana udhuru wa kunywa asichokijua.

Mwenye mtoto wa kifafa kikali ni mwingine. Juni 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex kwa maradhi ya Dravet na Lennox-Gastaut. Dawa hii ina mafuta ya ufuta, na pia ethanoli, miligramu 79 katika kila mililita. Hapa mafakihi wetu wa Kishafii wametangulia kusema: khamri tupu haitumiwi kuwa dawa, ama iliyochanganyika ikapotea ndani ya dawa nyingine, inaruhusiwa ikiwa hakuna badala iliyo twahara, kwa kauli ya tabibu mwadilifu. Basi imamu asimzuie mama huyo. Amwambie tu asiache wala kuongeza dawa bila daktari, kwani CBD pamoja na valproeti, dawa nyingine ya kifafa, huweza kudhuru ini.