Mti Mdogo na Chungu Chake

Mtu apandapo mwembe uwanjani kwake hutumaini kwamba atauona ukikua, na kwamba wajukuu wake watakula matunda yake. Lakini katika mji wa Kolwezi tumaini hilo si la hakika. Mji huu ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, na tangu hapo watu wake wamelala juu ya mawe yenye thamani kupita nyumba zao. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba chini ya mtaa wa Kasulo mna kobalti. Mashimo yakachimbwa uani, na hata ndani ya nyumba. Mwaka 2017 familia za sehemu moja ya mtaa huo zilihamishwa ili mgodi ufunguliwe. Ahamaye huweza kuchukua kitanda, masufuria na mabati. Mwembe hauchukuliki.

Kwa sababu hiyo twapenda leo kuzungumza habari za mti uchukulikao: mti wa kweli, wenye shina gumu, gome na matawi, uishio miaka mingi katika chungu kifupi. Wajapani huuita bonsai, maana yake ni mmea uliopandwa katika chombo kilicho kama sinia, na wao wenyewe walijifunza kazi hiyo kwa Wachina. Watu wengi hudhani ya kuwa mti huo hutokana na mbegu ya ajabu. Sivyo. Mkuyu wa chunguni ni ndugu wa mkuyu wa mtoni, na kama ungalipandwa ardhini ungalikuwa mkubwa vile vile. Ufupi wake watokana na kukatwa matawi na mizizi kwa kipimo.

Hapo ndipo wengi hushindwa. Kuotesha mche katika mkebe wa mafuta, kila mtoto ajua. Lakini siku ya kuutoa mti na kuikata mizizi yake kwa mara ya kwanza, mkono husita. Wengine huuacha kwa huruma, mwaka baada ya mwaka, mpaka unakauka. Huruma ya namna hiyo yaua.

KWA NINI MTI UHAMISHWE

Mizizi haina mapumziko marefu. Huenda mbele ikitafuta maji, na ikifika kwenye ukuta wa chungu hugeuka na kuzunguka. Baada ya miaka miwili au mitatu hujaza chombo chote, na udongo mdogo uliobaki hugandamana. Maji yakimwagwa hayapenyi tena, bali hutuama juu, au hupita kandokando upesi bila kuifikia mizizi ya katikati. Hewa nayo hukosekana, na mizizi isiyopata hewa huoza.

Dalili ni nne. Maji hutuama juu ya udongo. Mizizi hutokeza katika matundu ya chini. Mti huinuka polepole ukapita ukingo wa chungu. Na majani mapya huwa machache tena ya manjano. Mwonapo dalili mbili katika hizo, jueni ya kuwa wakati umekaribia.

Lakini je, kukata mizizi si kuunyima mti chakula? Yafaa tuelewe. Mzizi mnene kazi yake kubwa ni kuushika mti usianguke. Maji huingia hasa kwa mizizi myembamba iliyo kama nyuzi. Mzizi mnene ukikatwa, karibu na jeraha huota nyuzi mpya nyingi. Basi akataye kwa kipimo auongezea mti midomo ya kunywea.

UDONGO USIO NA SUMU

Katika nchi hii ya shaba udongo wahitaji uangalifu kuliko mahali pengine. Katikati ya misitu ya miombo viko vilima visivyo na miti, vyenye nyasi na maua madogo tu. Sababu yake ni shaba iliyomo ardhini: ikizidi, huizuia mizizi isirefuke, na mti hufa ungali mchanga. Mimea michache imezoea sumu hiyo. Mmojawapo ni ule uitwao na wataalamu Haumaniastrum katangense, mmea mfupi ambao watafutaji wa madini waliutumia kuwa alama ya mahali penye shaba. Kwa hiyo msichukue udongo wa kilima kilicho uchi, wala mchanga ulioachwa na waosha mawe ya mgodi, wala matope ya mto upokeao maji ya viwanda.

Mchanganyiko mwema ni huu: sehemu mbili za matofali ya kuchoma yaliyovunjwa vipande vidogo kuliko punje ya mahindi, sehemu moja ya mchanga mnene wa mto safi, na sehemu moja ya mboji iliyooza sawasawa. Vipande vya matofali vichekechwe, kwa maana vumbi huziba njia za maji. Udongo wa kichuguu husifiwa sana shambani, lakini chunguni haufai, kwani ni mfinyanzi: ukilowa hushikana, ukikauka huwa kama jiwe.

Na mti wa kuanzia uwe wa jamii ya mkuyu. Miti hiyo huvumilia kukatwa, na tawi lake likichomekwa ardhini huota. Miti ya miombo ni migumu kwa mwanafunzi, kwa kuwa mizizi yake huishi kwa ushirika na kuvu wa udongo wa mwituni, na ushirika huo ukivunjika mti hudhoofika.

WAKATI NA KAZI

Katika Kolwezi mvua huanza mnamo Oktoba na kukoma mnamo Aprili. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, na mti uliokatwa mizizi wakati huo hukawia kupona. Ngojeeni mwisho wa Septemba au mwezi wa Oktoba, joto lirudipo na vichipukizi vianzapo kuvimba.

Wekeni tayari vyombo vyote kabla ya kuugusa mti, yaani chungu chenye matundu, udongo mpya, mkasi mkali uliosafishwa, kijiti chenye ncha, na maji. Kazi ifanywe kivulini, kwa maana nyuzi za mizizi zikipigwa na jua hukauka kwa dakika chache.

Kwanza, pitisheni kisu kandokando ya chungu, kisha mwutoe mti kwa kushika shina karibu na udongo. Msiuvute kwa nguvu.

Pili, chukueni kijiti, mwanze pembeni, mkaichanue mizizi polepole kama mama achanavyo nywele za mtoto, mpaka udongo wa zamani upungue kwa nusu hivi. Udongo ulio chini kabisa ya shina uacheni mahali pake mara hii ya kwanza.

Tatu, kateni. Mizizi iliyooza, ambayo ni myeusi na laini, iondolewe yote. Mizizi minene iendayo chini ifupishwe, na ile izungukayo ikatwe. Jumla isizidi theluthi moja ya mizizi yote. Utomvu mweupe wa mkuyu usiingie machoni.

Nne, zibeni matundu ya chungu kwa kipande cha wavu wa dirisha, mtie udongo kidogo, mkauweka mti, mkaufunga kwa waya uliopitishwa katika matundu. Mti utikiswao na upepo hukata nyuzi zake changa kila siku. Mtie udongo uliobaki, mkiusukuma kwa kijiti ili pasibaki pango kati ya mizizi. Mwisho mwagieni maji mpaka yatokayo chini yawe safi.

Wako watakaotamani kuyapinda matawi siku ile ile. Mafundi huyapinda kwa waya wa shaba uliotiwa motoni ukapoa, kwani shaba ya namna hiyo huwa laini mkononi. Ni ajabu kwamba shaba iharibuyo mizizi ikiwa katika udongo ndiyo iongozayo matawi ikiwa waya. Lakini mti wenye jeraha moja usitiwe la pili. Matawi yangoje mwaka ujao.

Baada ya hayo mti ukae kivulini pasipo upepo majuma mawili au matatu. Usipewe mbolea mpaka majani mapya yafunguke. Majani machache yakianguka, msiogope wala msiutoe mti tena kutazama mizizi, maana tazamio hilo limeua miti mingi kuliko mkasi.

MTI ULIOPITA MOTONI

Atakayeuliza mti wa chunguni huishi miaka mingapi, na asikie habari ya msonobari wa familia ya Yamaki. Mti huo ulianza kutunzwa mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki lilipoangushwa juu ya mji wa Hiroshima, msonobari huo ulikuwa katika bustani ya familia hiyo, umbali wa kilometa 3 hivi. Ukuta wa bustani uliukinga, nao ukapona. Na sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani kutengeneza mabomu yao ya kwanza ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika ukanda huu huu wa shaba. Jiwe la nchi hii lilikwenda mbali kuua, na mti mmoja mdogo ukalishinda.

Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa mti huo uwe zawadi kwa Marekani, bila kueleza ulikopitia. Watunzaji wake huko Washington walipata kuijua habari hiyo mwaka 2001, wajukuu wa mzee huyo walipokuja kuutazama. Fikirini basi: kwa muda wa karne nne mti huo umepita mikono mingi, na hakuna chungu kimoja kiwezacho kuulisha mti muda wote huo. Kila kizazi kilipaswa kuutoa, kuikata mizizi yake, na kuurudisha. Kama mmoja wao angaliogopa mkasi, mti usingalifika kwa wajukuu.

Nanyi wazazi na wanafunzi wa Kolwezi, anzeni mwaka huu na tawi moja la mkuyu katika mkebe. Siku mtakapouhamisha kwa mara ya kwanza, andikeni mwaka chini ya chungu kipya, ili atakayeushika baada yenu ajue zamu yake itafika lini. Na familia ikilazimika kuhama, mti huo uchukuliwe pamoja na watoto.