Michezo ya video: mpira, vita na msiba wa Zau, nasema bila kuficha

Katika miezi hii ya mwisho nimecheza michezo ya video mingi kuliko ilivyo kawaida kwa mtu wa umri wangu mwenye kazi na familia. Mjini Goma jioni ni ndefu. Watu wanaingia nyumbani mapema, na umeme ukiwepo, kila mmoja anatafuta kitu cha kumpunguzia mawazo. Mingine niliicheza kwangu kwenye kompyuta, mingine katika chumba cha michezo cha kata ya Majengo. Mchezo mzuri nitauita mzuri, na ule ulionichosha nitausema pia.

Nianze na mpira, maana ndio unaochezwa kuliko yote. Majengo wanacheza EA Sports FC 24, ule uliokuwa ukiitwa FIFA hadi mwaka wa 2023. Televizio moja, PlayStation 4 moja, benchi mbili za mbao, na vijana kumi na tano wanaopiga kelele. Unalipa franka 500, na ukifungwa unaacha manete, mwingine anaketi. Pale ndani mchezo huu ni mtamu sana. Nikiucheza peke yangu nyumbani, baada ya mechi tatu usingizi unanikamata. Utamu wake uko kwa watu walioketi kwenye benchi, si ndani ya mashine.

Na mashine yenyewe haibadiliki sana. Kila mwaka wanatoa mpya, bei yake ikiwa karibu dola 70 siku ya kwanza, na mimi tofauti naiona kwenye jezi zaidi kuliko kwenye uchezaji. Kwa familia ninazozijua hapa, dola 70 ni kodi ya nyumba ya mwezi. Wacongomani wamo: Chancel Mbemba yumo na jezi ya Marseille, Yoane Wissa yumo na Brentford. Lakini TP Mazembe haimo. Timu iliyocheza fainali ya Kombe la Dunia la vilabu mwaka wa 2010 dhidi ya Inter Milan, baada ya kuwatoa Pachuca na Internacional, huwezi kuichagua. Vijana wa Majengo hawalalamiki, wamezoea kuchagua Manchester City. Mimi bado nalalamika.

Mchezo wa pili ni wa zamani, Far Cry 2, uliotengenezwa na Ubisoft huko Montréal mwaka wa 2008. Niliupata kwa sababu kompyuta yangu ni ya mkono wa pili na haiwezi kubeba vizito. Unakuwa askari wa kukodiwa katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina. Makundi mawili yanapigana, na kazi yako ni kumtafuta mfanyabiashara wa silaha anayeitwa Jackal. Malipo unapewa kwa almasi.

Kuna mambo ambayo waliotengeneza mchezo huu waliyafikiria vizuri. Bunduki uliyookota chini inakwama katikati ya mapigano. Moto ukiwasha majani makavu, upepo unaupeleka mahali usipotaka. Na una malaria! Unatembea, ghafla macho yanafifia, unameza kidonge, na vidonge vikiisha lazima uhangaike kupata vingine. Sijaona mchezo mwingine unaomwumiza mpiganaji kwa ugonjwa huu wetu. Halafu kuna vizuizi vya barabarani. Unawaua walinzi wote wa kizuizi, unapita, na ukirudi baada ya muda mfupi unakuta wengine wamejaa palepale. Wachezaji wa Ulaya na Marekani walilalamikia sana jambo hili, wakaliita kosa la mchezo. Mtu aliyesafiri kwa barabara kati ya Goma na Rutshuru atacheka tu.

Lakini niliuacha kabla ya kufika mwisho, na sababu ni hii: katika nchi ile karibu hakuna watu. Kuna wenye bunduki, na kuna raia wachache waliofichwa ambao wanakupa dawa ukiwapelekea karatasi za kukimbilia nchi nyingine. Basi. Hakuna soko, hakuna mama mwenye beseni la sombe kichwani, hakuna chukudu iliyojaa viazi, hakuna mtoto anayerudi shuleni. Nyumba zipo, lakini hazina wenyewe. Vita inakuwa kama uwanja wa mpira, nyasi tu na mistari.

Mwisho wa Januari 2025 vita ilipofika Goma, nilikuwa nyumbani. Risasi tulizisikia kama kila mtu, lakini kazi yetu ya siku zile ilikuwa nyingine kabisa. Tulitafuta maji, maana mabomba yalikauka na watu walishuka ziwani na madumu. Tulitafuta mahali penye mtandao ili tujue ndugu wa Ndosho na wa Sake wako wapi. Tulihesabu unga. Mtoto wa jirani aliuliza kama shule itafunguliwa Jumatatu, na hakuna aliyemjibu. Katika Far Cry 2 unaweza kucheza saa thelathini bila mtu kukuuliza maji yako wapi. Ndiyo sababu sikuogopa nilipokuwa naucheza, wala sikukasirika. Nilichoka tu, kama mtu anayesikiliza mgeni akimsimulia juu ya mtaa wake mwenyewe.

Call of Duty: Black Ops II niliucheza mwanzo tu, kwa rafiki. Unaanza Angola mwaka wa 1986, na Jonas Savimbi yuko mbele akipiga kelele za vita, wewe ukimsaidia. Watu wazima wanakumbuka kwamba Zaire ya Mobutu ilimsaidia Savimbi kweli, na silaha za Wamarekani zilipitia kituo cha Kamina. Katika mchezo hayo yote yanageuka kuwa dakika chache za moshi na mizinga. Watoto wake watatu waliishtaki kampuni nchini Ufaransa, wakidai baba yao amechorwa kama mshenzi, na mwaka wa 2016 mahakama ya Nanterre ikakataa madai yao. Mimi si mtetezi wa Savimbi, lakini hasira ya watoto wale naielewa.

Niseme pia juu ya Phone Story, mchezo mdogo wa Molleindustria kutoka Italia, wa mwaka wa 2011. Hatua yake ya kwanza iko hapa kwetu: unamwelekeza askari awatishe watoto wachimba koltani, wakipumzika unashindwa. Apple iliuondoa dukani kwake baada ya siku chache. Hauna raha hata kidogo, na ndivyo ulivyokusudiwa. Niliucheza dakika kumi kwenye simu ambayo ndani yake kuna tantali, na tantali inatoka kwenye koltani kama ile ya Rubaya, huko Masisi. Masisi watu hawajasahau jinsi bei ilivyopaa mwaka wa 2000, wakati wa homa ya simu na PlayStation 2, halafu ikaanguka mwaka uliofuata na kuwaacha wachimbaji na mashimo. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba michezo hii ni mambo ya Wazungu. Tumo ndani yake tangu zamani, ila tumo kwenye waya.

Sasa nifike kwa ule ulionikamata. Tales of Kenzera: Zau ulitoka Aprili 2024, kwa dola 20 hivi. Binamu yangu wa Bruxelles ndiye aliyeninunulia, kwa sababu benki za Goma zilikuwa zimefungwa, na ilibidi nicheze kwenye kompyuta ya rafiki. Umetengenezwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyetoa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins. Baba yake alifariki, naye akautengeneza mchezo huu kutokana na msiba ule.

Habari yake ni nyepesi kuisimulia. Zau ni nganga kijana aliyefiwa na baba. Anamwita Kalunga, mungu wa kifo, na kumpa mapatano: nikikuletea roho tatu kubwa zilizokataa kwenda kwako, unirudishie baba. Kwa Wakongo wa magharibi ya nchi yetu, kalunga ni ule mpaka wa maji kati ya walio hai na waliokufa, na nganga ni nganga. Kumbe maneno ya bibi zetu yanaweza kuingia katika mchezo bila kufanywa kichekesho wala uchawi wa kutisha watoto.

Na unaweza kuusikiliza kwa Kiswahili. Nilipobadilisha lugha, mtoto wa dada yangu, mwenye miaka kumi na miwili, aliacha sahani yake akaja. "Tonton, kumbe mchezo inasemaka Kiswahili?" Ni Kiswahili cha pwani, si chetu. Kuna maneno ambayo ilibidi nimfafanulie, na mara moja alicheka kwa sababu wanaongea kama pasta kwenye redio. Lakini hakuondoka.

Kuna mahali Zau anaketi chini ya mbuyu na kuzungumza na Kalunga. Hapigani, hakimbii, anaongea tu juu ya baba yake, na akisimama anakuwa na nguvu zaidi. Anakasirika, anajibu vibaya, na yule mzee wa kifo anamsikiliza. Baba yangu alifariki nikiwa mwaka wa tatu chuoni. Kwenye matanga wajomba waliniambia nijikaze, mimi ni mwanaume, wadogo wananitazama. Nikajikaza. Pale chini ya mbuyu ilibidi niweke manete chini kidogo, na yule mtoto akauliza kama nimechoka.

Kasoro zipo. Mapigano yanafanana mno: adui walewale, unabadilisha barakoa ya jua na ya mwezi, unapiga, unaendelea. Kuna sehemu za kurukaruka ambapo nilikufa mara ishirini kwa kosa la kidole kimoja, na hasira iliharibu huzuni nzuri iliyotangulia. Pia ni mfupi. Kampuni yake, Surgent Studios, ilipunguza wafanyakazi miezi michache baada ya mchezo kutoka, jambo linaloonyesha kwamba sifa na mauzo ni vitu viwili.

Kama una franka 500 na jioni moja, nenda ukacheze mpira Majengo, utacheka. Far Cry 2 muachie mwenye kupenda magari na moto. Zau, ukimpata mwenye kompyuta nzuri, mwombe akuachie siku tatu. Kama Kalunga alimrudisha baba au hapana, sitasema. Mtoto wa dada yangu bado yuko kwenye roho ya pili na anasoma kila ninachoandika.