Rangi Isiyokuwepo Ukutani

Katika Kisii na Nyamira, ambako Waadventista wa Sabato wametia mizizi tangu misheni ya Nyanchwa ilipoanzishwa miaka ya 1910, kanisa lenye projekta huitumia sana kuonyesha nyimbo: maneno meupe juu ya weusi mtupu, ubeti kwa ubeti. Hapo ndipo malalamiko huzuka. Mwimbaji akitupa jicho kutoka kwa kiongozi wa kwaya hadi ukutani, herufi humpasukia rangi, nyekundu huku, kijani katikati, buluu kule, kisha zote hutoweka kabla hajamnong'oneza jirani. Fundi akiitwa haoni kitu, na lawama huangukia stima, waya au macho ya mlalamikaji. Hoja yangu ni kwamba mwimbaji na fundi wote wanasema kweli: rangi zile huonekana, ila ukutani hazipo.

Projekta nyingi za bei nafuu ni za DLP, teknolojia iliyotokana na kifaa cha vioo vidogo mno alichokibuni Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments mwaka 1987. Kwa kuwa kifaa hicho ni kimoja, rangi hazitoki pamoja. Mwanga wa taa hupita kwenye gurudumu lenye vipande vya rangi, na ubongo wetu ndio unaozichanganya. Gurudumu la mizunguko 120 kwa sekunde lenye vipande vitatu huipa kila rangi sehemu moja tu ya 360 ya sekunde. Jicho likitulia, rangi zote hutua mahali pamoja. Jicho linaporuka huweza kwenda digrii 300 kwa sekunde, na kwa aliyeketi mita 5 kutoka ukutani, rangi moja huachana na inayofuata kwa takriban sentimita 7. Gurudumu likiongezewa kasi mara tatu, pengo hushuka hadi sentimita 2 na ushei. Waliojazana mjini Keroka kutazama mpira kwa projekta iyo hiyo huenda wasione lolote, kwa sababu uwanja wa nyasi hauna kingo kali za kuipasua rangi, isipokuwa labda zile tarakimu nyeupe za matokeo pembeni.

Atasema mtu: mbona wengi hawaoni? Macho hayalingani wepesi wa kulihisi jambo hili, na asiyeamini apunge vidole vyake haraka mbele ya uso huku akiitazama picha nyeupe; kingo za vidole zitamwonyesha rangi moja moja. Kuhusu stima, mota ya gurudumu hufuata mpigo wa picha, haifuati mpigo wa umeme wa nyumbani, hivyo kununua kidhibiti umeme kwa ajili ya tatizo hili ni kupoteza pesa. Na sinema kubwa zinazotumia DLP? Mashine zake zina vifaa vitatu vya vioo, kimoja kwa kila rangi, wala hazihitaji gurudumu.

Ila si kila rangi ya pembeni ni ya jicho. Televisheni za zamani za projekta zilikuwa na mirija mitatu, na projekta za 3LCD, zinazotoa rangi zote kwa pamoja bila gurudumu, zina vioo vitatu vya LCD, kimoja kwa kila rangi. Vikipishana kidogo, herufi huvaa mstari mwekundu au wa buluu usiobanduka, hata ukiukodolea macho. Huo upo ukutani kwelikweli, na ni kazi ya fundi. Rangi inayotoroka ni ya gurudumu, na hakuna skrubu ya kuiondoa.

Kwa hiyo kamati inayonunua projekta isimtume mweka hazina peke yake. Iende na waimbaji kadhaa, iwashe ubeti mweupe juu ya weusi, na kila mmoja ayarushe macho kutoka pembe hadi pembe. Akitokea hata mmoja anayeona rangi zikipasuka, chukueni 3LCD.