Likizo ya Malipo na Mafao ya Kazi: Ufafanuzi kwa Wafanyakazi wa Njombe na Makambako

Wakati wa ukoloni, Njombe ilikuwa miongoni mwa sehemu walikoandikishwa manamba wa mashamba ya mkonge. Huko shambani mfanyakazi alipewa kipande, yaani kadi iliyotiwa alama kwa kila siku aliyofanya kazi, na ujira ulitolewa alipotimiza alama 30. Siku ya mapumziko haikuwa na malipo.

Siku hizi mambo ni tofauti: kila siku ya kazi humjengea mfanyakazi haki ya kupumzika kwa malipo. Hata hivyo, wapo wanaodhani kwamba haki hiyo ni ya watumishi wa Serikali tu, na kwamba mchuma chai wa msimu au kibarua wa kiwanda cha mbao hahusiki. Dhana hiyo si sahihi, na humpotezea mfanyakazi haki yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inatumika Tanzania Bara kwa sekta binafsi na kwa watumishi wa umma, isipokuwa majeshi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005. Kwa upande wa Bara, ieleweke kama ifuatavyo:

(a) Likizo ya mwaka ni siku zisizopungua 28 mfululizo, sikukuu zikiwemo, kwa kila miezi 12 ya kazi. Mshahara wa likizo hulipwa kabla likizo haijaanza.

(b) Mwenye utumishi usiofikia miezi 6 hana likizo ya malipo. Lakini mfanyakazi wa msimu anayo. Vilevile, aliyefanya kazi zaidi ya mara moja katika mwaka kwa mwajiri yule yule anayo, iwapo vipindi vyake vikijumlishwa vinazidi miezi 6.

(c) Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara.

(d) Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja. Marekebisho ya mwaka 2025 yalimwongezea muda mama aliyejifungua mtoto njiti.

Ajira ikikoma, likizo ambayo haijachukuliwa hulipwa kwa kiwango cha mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Kwa mfano, mfanyakazi wa ghala mjini Makambako aliyefanya kazi miezi 8, kila mwezi siku 26, ana siku 208. Malipo yake ya likizo ni ya siku 16.

Yapo pia mafao yanayokua kadiri utumishi unavyorefuka. Mwajiri anapoachisha kazi, kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Aliyetimiza miaka 6 hupata siku 42. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati. Aidha, pensheni ya uzeeni katika mifuko ya PSSSF na NSSF huhitaji michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Kwa hiyo mwezi ambao mchango haukupelekwa ni mwezi uliopotea katika hesabu ya uzee.

Kwa sababu hizo, tarehe ya kuanza kazi ndiyo msingi wa hesabu zote. Kila mfanyakazi anashauriwa kudai maelezo ya ajira kwa maandishi, kutunza hati za mshahara, na kukagua michango yake mara kwa mara. Mwajiri asipoweza kuonyesha maelezo hayo ya maandishi mbele ya sheria, ni yeye atakayetakiwa kuthibitisha masharti ya kazi.

Mgogoro usiopata suluhu kazini hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda ni siku 30 kwa madai ya kuachishwa kazi, na siku 60 kwa madai mengine, likizo ikiwemo. Atakayechelewa atalazimika kwanza kueleza sababu za msingi za kuchelewa kwake. Basi ni vyema kila mmoja akazihesabu siku zake mapema.