Kabla ya kubonyeza O

Wandugu, diski ikijaa katikati ya TFC, mtu anafungua terminali ya Ubuntu na kuanza kutoa programu ovyo. Ngoja kwanza.

Amri ni fupi: sudo apt remove, halafu jina la programu. Remove inaacha mipangilio kule /etc. Ukitaka nayo itoke, andika purge pahali pake. Zote mbili hazigusi folda yako binafsi, kwa hiyo TFC iko salama.

Hatari iko kwingine: programu zinategemeana. Mtu anaona python3, anajisemea "mie sisomi Python, itoke". Apt haimkatazi. Inamwonyesha orodha ndefu ya vitu vitakavyotoka pamoja nayo, mpaka sehemu zinazochora madirisha na menyu, kisha inauliza, kama mashini iko katika Kifaransa, O/n. Yeye anabonyeza O bila kusoma. Akiizima na kuiwasha, anaweza kukuta skrini nyeusi yenye maandishi tu. Kurudisha vyote kunaomba mega, na bei ya mega tunaijua wote!

Ukiwa na mashaka, tia -s: apt -s remove python3. Hiyo inaigiza tu, haitoi kitu.

Kama shida ni nafasi, anza na sudo apt clean, juu inafuta vifurushi vilivyobaki baada ya kupakuliwa. Kisha sudo apt autoremove, inayotoa vile vilivyoletwa na programu ambayo haipo tena. Hapo pia, soma orodha.