Siri ya asidi katika maziwa ya ngamia ya Isiolo

MAZIWA ya ngamia yanayokamuliwa alfajiri katika maboma ya wafugaji wa Isiolo huwa na safari ndefu mbele yake. Akina mama wafanyabiashara huyakusanya, wakayatia katika mitungi ya plastiki na kuyapakia kwenye mabasi yanayoelekea Eastleigh, Nairobi, umbali wa takriban kilomita 280. Barafu ikikosekana, joto huanza kazi yake njiani, na mzigo uliotoka ukiwa mtamu huweza kufika ukiwa umechacha.

Chanzo ni bakteria wanaokula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki, ambayo mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi aliitambua mwaka wa 1780 katika maziwa yaliyochacha. Maziwa mabichi ya ngamia huwa na pH ya karibu 6.5. Yakiachwa siku moja au mbili mahali penye joto hushuka hadi karibu 4.5, nayo kwa Wasomali huitwa suusac.

Ajabu ni kwamba kinywaji chenye asidi tele namna hiyo hakiunguzi koo. Asidi ya laktiki ni elektroliti hafifu. Asidi kali, kama ile ya haidrokloriki, ikitiwa majini molekuli zake karibu zote huvunjika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Hii ya maziwa ni bahili. Ukiyeyusha gramu 9 zake katika lita moja ya maji safi, kati ya kila molekuli 100 ni kama 4 tu zinazoachilia ioni ya haidrojeni. Taa iliyounganishwa na betri kupitia maji hayo huwaka kwa unyonge. Wala si zile 4 daima: molekuli huvunjika na kuungana tena bila kukoma, ila idadi haibadiliki.

Ubahili huo humponza mnunuzi. Karatasi ya pH huonyesha ioni zilizo huru pekee, ilhali protini na chumvi za maziwa huzinasa ioni hizo mara zinapotoka. Asidi huweza kurundikana huku pH ikishuka kidogo tu, na anayeitegemea karatasi peke yake akapokea mtungi ulioanza kuharibika. Maabarani, wataalamu hudondoshea maziwa besi tone kwa tone. Kila ioni inapoondolewa, molekuli nyingine huvunjika kujaza pengo, hadi akiba yote iishe. Hesabu ya matone hufichua asidi yote.

Molekuli zilizobaki nzima nazo zina kazi. Kwa kuwa hazina chaji, hupenya utando wa bakteria kwa urahisi, zikavunjikia ndani na kumdhoofisha. Katika pH ya 4.5 karibu moja kati ya tano huwa nzima, katika 3.9, karibu nusu. Ndiyo sababu mojawapo ya suusac kudumu kuliko maziwa mabichi.

Hata hivyo, bakteria wa homa ya brusela, ugonjwa unaowapata ngamia na binadamu, huweza kuistahimili asidi hiyo kwa muda. Kuchacha hakuchukui nafasi ya moto: maziwa huchemshwa kwanza, yakapozwa, ndipo yakatiwa kiasi kidogo cha suusac iliyotengenezwa kwa njia hiyo hiyo.