Tiba ya mtoto aliyeumia ubongo huendelea nyumbani

WAZAZI wengi humrudisha nyumbani mtoto aliyeumia ubongo wakidhani kwamba kazi iliyosalia ni ya daktari. Sivyo. Mtaalamu wa tibamaungo huwa na mtoto kwa muda mfupi tu kila anapopelekwa kliniki. Saa nyingine zote za juma ni za mama, baba, nyanya na ndugu zake.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira majeraha haya yana vyanzo vingi: ajali za bodaboda, kuanguka kutoka mtini, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani. Malaria hutisha zaidi inapolipuka katika nyanda za juu kama hizi, ambako wakazi hawana kinga kubwa dhidi yake.

Abagusii hawakuanza leo kukabiliana na maumivu ya kichwa kilichojeruhiwa. Watafiti wa karne ya 20 waliandika kuhusu omobari, mganga aliyepasua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu la mgonjwa. Hata wakati huo, mganga alipomaliza kazi yake, uuguzi ulibaki kwa jamaa.

Ubongo wa mtoto ungali unakua, na sehemu zilizosalimika zaweza kujifunza baadhi ya kazi za zile zilizoharibika. Hujifunza kwa kurudia jambo mara nyingi. Wakati huohuo misuli ya upande uliodhoofika hukakamaa: kiwiko hujikunja, vidole hufumba, nyayo huelekea chini. Ikiachwa hivyo kwa miezi, misuli hufupika, na huenda ikahitaji plasta au upasuaji ili kunyooka.

Ndiyo maana kiungo hunyooshwa kila siku, polepole, kisha hushikiliwa hapo kwa muda ambao mtaalamu ameelekeza. Maji ya uvuguvugu ya kuoga husaidia kulegeza misuli. Kuvuta kwa nguvu, jinsi wafanyavyo baadhi ya wakandaji, kwaweza kuchana misuli au kuvunja mfupa. Mtoto akilia kwa uchumi wa maumivu, mzazi aache.

Mazoezi yenye manufaa zaidi, hata hivyo, hayafanani na mazoezi. Mtoto anapovishwa shati, mkono dhaifu hutangulia kuingia, na wakati wa kuvua huwa wa mwisho kutoka. Mezani, mkono huo ushike sahani huku ule mzima ukimega ugali. Kupukuchua mahindi, kuchagua maharagwe na kunyofoa majani ya chinsaga hufundisha vidole kuliko mpira wowote wa dukani. Kuna wataalamu wanaofunga mkono mzima kwa muda ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, lakini mzazi asijaribu hilo bila maelekezo.

Anapoketi, nyayo zikanyage chini na magoti yajikunje vyema. Asiyeweza kujitegemeza huwekwa kwenye pembe ya kuta mbili, blanketi lililokunjwa likimzuia kila upande. Kwa kujifunza kutembea, miti miwili ya mkaratusi iliyofungwa kwenye nguzo, kimo cha nyonga, hutosha. David Werner alieleza vifaa vya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watoto walemavu vijijini. Katika vilima vya Gusii, sharti kwanza pasawazishwe mahali. Mteremko si wa hatua za mwanzo.

Kizuizi kigumu pengine ni huruma. Nyanya anayemlisha na kumbeba mjukuu kila aendako humnyima nafasi ya kujaribu. Amngoje, hata kama kijiko kitachukua dakika tano kufika kinywani. Anayembeba naye akunje magoti, asiinamishe mgongo.

Nauli ya kufika hospitali za rufaa za Kisii na Nyamira huwashinda wengi. Kwa hivyo kila safari itumike vyema: mzazi aombe kuonyeshwa zoezi, alifanye mwenyewe mbele ya mtaalamu, na alirekodi kwa simu. Degedege, kutapika, usingizi usio wa kawaida au kichwa kinachozidi kuuma havingoji siku ya kliniki. Mtoto apelekwe hospitalini mara moja. Magango na viatu maalumu pia vikaguliwe mara kwa mara, kwa kuwa mtoto hukua, na kifaa kilichomtosha mwanzoni mwa mwaka chaweza kumchubua kabla haujaisha.